Marobota Yenye Nyota

Guangzhou, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Gwamaka ameniambia umeanza tena kupanda kile kilima kwenda kanisani kwa miguu, na kwamba mvua za Tukuyu zimekuja na fujo, hata nguo hamuaniki. Tafadhali kubali kubebwa na bodaboda. Najua utasema wanaendesha kama wamerukwa na akili, basi Gwamaka akutafutie dereva mtu mzima mwenye watoto, huyo ataogopa kufa.

Ukiniuliza hali yangu nitakujibu kwamba mimi mzima, maana sina homa wala kikohozi. Ila nimechoka, Mama. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako, umevaa miwani, umefunga mlango. Barua ataileta mama mmoja wa Mbalizi anayerudi kesho kwa ndege. Naomba ikufikie kabla Mjomba Ambakisye hajakupigia. Kama ameshakuwahi, isome hata hivyo.

Kazi ni ileile. Wateja wanakuja kutoka Kahama, Mwanza, Mbeya, nawapokea, nawatembeza mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu kutoka jengo moja hadi jingine, nawashushia bei, nawaonyesha gauni ambalo likifuliwa mara moja linabaki la mdoli. Siku za maonyesho kule Pazhou nilizunguka kumbi zile mpaka viatu vikawa vidogo. Nikifika nyumbani naweka miguu kwenye beseni la maji na kusinzia hapohapo. Hayo siyalalamikii, ndiyo niliyoyafuata huku. Uchovu ninaokuandikia leo ni mwingine.

Nilikueleza zamani kwamba wafanyabiashara wetu wadogo hawawezi kujaza kontena peke yao, kwa hiyo wanachangia. Mjomba ndiye mwenyekiti wa kundi letu. Watu wanaleta mizigo kwenye godauni lake, inafungwa marobota, halafu kila robota linapigwa marka ya mwenyewe kwa rangi, ili likifika Dar asije mtu akabeba lisilo lake. Brashi naishika mimi. Mjomba hajaigusa miaka mingi, yeye ni mtu wa simu na kufoka. Marka nyingine ni herufi, nyingine ni picha. Yupo mwenye jogoo, yupo mwenye ufunguo. Mama Sayuni ana nyota ya Daudi, ile ya pembe sita, rangi ya bluu.

Mama Sayuni ni yule mama wa Mwanza niliyekutumia picha yake tukiwa tumevaa makoti. Duka lake linaitwa Sayuni Fasheni. Ana skafu yenye nyota hiyohiyo, anaivaa kwenye ibada zetu za Kiswahili kila Jumapili, na haipiti ibada bila kuiombea Israeli mpaka jasho limtoke. Ni mcheshi, na ni mtu mwema. Nilipougua tumbo ni yeye aliyenipikia uji. Naomba ulikumbuke hilo ukiendelea kusoma.

Halafu yupo Yoeli Mafabi, Mganda wa Mbale, anauza sweta za shule. Mtu mpole, anaongea kama anayeomba ruhusa. Alipojiunga nasi tuliona kwamba jua likizama Ijumaa hapokei simu, haingii godauni, hagusi mzigo hadi Jumamosi jioni. Nguruwe hali. Tukakata shauri kwamba ni Msabato, na kila mtu akaridhika, maana Wasabato tunawajua. Kumbe siku moja akaja mteja ambaye ni Msabato kweli, mtu wa Musoma, akafurahi kupata mwenzake ugenini, akamuuliza anasali kanisa gani.

"Mimi si Msabato, ndugu yangu," Yoeli akasema. "Mimi ni Myahudi. Sisi kule kwetu tuko Wayahudi tangu babu zetu."

Tulicheka, Mama. Myahudi gani mweusi kuliko mimi? Yeye hakukasirika. Akaeleza kwamba wazee wao walishika vitabu vya Musa tangu enzi za mkoloni, na kwamba wana sinagogi lao la matofali mlimani. Wakati wa yule mtawala ambaye Baba alikwenda kupigana naye, dini yao ilipigwa marufuku, bibi yake akawa anasali amejifungia chumba cha ndani huku mtoto mmoja ameachwa uani aangalie nani anakuja. Nikamwambia baba yangu alikuwa askari katika vita vile. Akasema, "Bibi yangu aliwaombea hao askari kila Ijumaa." Nikamkaribisha chai.

Mama Sayuni alipoamini kwamba kweli ni Myahudi, kidogo aanguke. Alimpigia magoti palepale kwenye maboksi, mbele ya wapagazi, akisema, "Mwana wa Ibrahimu, nibariki biashara yangu." Yoeli wa watu akabaki anaangalia huku na huku, mikono ameificha nyuma. Wiki kadhaa wakawa wanamvika kilemba cha ukoka, wanamuuliza maana ya hili na lile katika Agano la Kale, wanapiga naye picha za kutuma nyumbani. Kisha Mama Sayuni akamuuliza kama sasa yuko tayari kumpokea Yesu. Akasema hapana, akasema kwa heshima kabisa, kwamba anayo imani aliyoachiwa na wazazi wake na inamtosha. Tangu siku ile nikaona ubaridi. Walimpenda alipokuwa bado hajafungua mdomo.

Mambo yaliharibika meli zilipoanza kuchelewa na bei ya kusafirisha ikapanda. Kwenye kundi letu la simu zikaanza kuingia klipu. Sijui zinatengenezwa na nani, zina sauti nzito kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari: kwamba meli zote ni za Wayahudi, kwamba wao ndio wanaopanga bei ya dunia, kwamba vita wanavianzisha wao na magonjwa pia. Watu wazima, wazazi wa watoto, wanazisikiliza na kuzisambaza. Mtu anapata hasara yake mwenyewe kwa kununua suruali mbovu, anatuma klipu.

Haji, mwanafunzi wa Kizanzibari anayetusaidia kutafsiri, habari za vita vya Gaza zimemkondesha. Nimemwona akilia juu ya simu yake mchana kweupe. Basi mmoja wa watu wa kundi akamchokoza, "Haji, wewe ndiye tunakutegemea, hebu tuambie ukweli kuhusu hawa watu." Haji akamjibu, "Hasira yangu naijua inakwenda kwa nani. Inakwenda kwa wanaoangusha mabomu na wanaowatuma. Huyu anauza sweta Mbale. Msiniazime mimi kwa hasira zenu za kontena." Akachukua mkoba wake akaenda darasani. Nilitamani ningekuwa nimesema mimi.

Mjomba naye, nisimwonee, hakuanza kwa ubaya. Kila aliyecheleweshewa mzigo alimpigia yeye, na kila simu ilikuwa matusi. Anatukanwa asubuhi, anatukanwa jioni, na zile klipu zikampa mtu wa kumtupia lawama. Akaacha kumwita Yoeli kwa jina. Ikawa "yule Myahudi." Kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha, likabaki hilo tu.

Kontena huwa tunalijaza Jumapili baada ya ibada, au Jumatatu. Safari hii Mjomba akatangaza Jumamosi, na alijua anachofanya. Yoeli hakubisha. Alileta mzigo wake Alhamisi, nikaupiga marka yake, jembe jekundu, akaniambia, "Dada Tumpe, nakuachia wewe." Jumamosi yenyewe nikawa soko la Shahe na mteja, Haji ana mtihani, Mjomba akasimamia mwenyewe na wapagazi. Niliporudi mchana nyumbani kwake, ninakoishi, nilimkuta mezani anakula wali na samaki, amechangamka kama zamani.

"Leo nimemtia adabu Myahudi wenu," akasema. "Mzigo wake umebaki. Nimewaambia wapagazi, yote yenye nyota, buyao. Pembeni." Buyao ni sitaki, ndilo neno la kwanza tunalojifunza sokoni hapa.

Nilisimama na mifuko mkononi. "Mjomba, nyota ni ya Mama Sayuni."

"Nyota ni ya Wayahudi."

"Ya Yoeli ni jembe, nimelipiga mwenyewe. Hayo uliyoyaacha ni magauni ya Mama Sayuni ya Krismasi."

Akaendelea kutafuna, lakini niliona anatafuna bure. Kontena lilikuwa limeshapigwa sili na kuondoka. Hatimaye akaniambia, "Wewe hukuwepo. Na hujasikia kitu. Tumeelewana, mpwa wangu?" Sikumjibu, yeye akachukulia kwamba tumeelewana.

Nilidhani ataona haya, Mama. Nilidhani atamwita yule mama amwambie nimekosea, mzigo wako utatangulizwa kontena lijalo, yaishe. Jumatatu Mama Sayuni akaingia godauni akakuta marobota yake yamesimama peke yake ukutani. Alilia kama aliyefiwa. Mjomba, macho makavu, akamwambia kwamba Yoeli lazima alikuja akayatoa ili apate nafasi ya sweta zake. "Si unawajua hawa watu walivyo," akasema. Na yule mama, ambaye nyota yao iko shingoni mwake, akaamini papo hapo. Hakuuliza swali hata moja.

Nilimfuata Mjomba faraghani nikamsihi. Akaniambia, "Nikisema nimekosea, nani ataniletea mzigo tena? Utakula nini wewe?" Nikamsihi tena siku iliyofuata, akatoka akaenda kunyoa ndevu.

Basi Jumapili baada ya ibada wakaitisha kikao mlemle chumbani tunamosalia, juu ya mgahawa wa tambi. Hoja zilikuwa mbili: mzigo wa Yoeli ukifika Dar uzuiwe mpaka amlipe Mama Sayuni hasara yake, na makundi yote ya Waswahili hapa Guangzhou yaambiwe yasimpakilie tena. Watoto wa Mbale wanafungua shule Februari. Sweta zikikaa Dar, yeye ndiyo kwisha.

Alikuja amevaa shati safi, akakaa kiti cha karibu na mlango.

"Siku ile nilikuwa nasali," akasema. "Sijakanyaga godauni."

"Unasali na nani? Shahidi wako nani?" Mjomba akamuuliza.

"Hapa niko peke yangu. Mashahidi sina."

Mtu wa nyuma akasema, "Ndivyo mlivyo, hata Bwana mlimsaliti hivihivi," na baadhi wakaguna kukubali. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja, Mama. Mwenye jogoo yumo, mwenye ufunguo yumo. Wote hao marobota yao yamelala ubavu kwa ubavu na yale ya nyota mwaka mzima. Wote wanajua nyota ni ya nani, na kwamba Mganda hawezi kuhamisha mzigo wa mtu godauni la Mjomba bila Mjomba kujua. Wakawa wanaangalia magoti yao.

Nikamkumbuka yule mama wa Kichina aliyekuwa na duka chini ya jengo letu la zamani. Unajua habari za mwaka ule wa ugonjwa, jinsi sisi Waafrika tulivyoambiwa ndio tunaoleta maradhi, tukatolewa vyumbani na mizigo yetu. Yule mama alikuwa akituuzia mayai kila siku, alijua fika kwamba hatujasafiri popote. Tulipokuwa tunashusha mabegi alitutazama, akavuta pazia. Mjomba hajamsamehe mpaka leo. Akimwona, anavuka barabara asikutane naye. Kila akisimulia anasema, waliotufukuza nimewasahau sura, huyu simsahau.

Nikasimama. Naomba usidhani nilikuwa shujaa, sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Nilichoka tu kusikiliza. Nikasema, "Mzigo wa Mama Sayuni aliuacha Mjomba. Alitaka kuuacha wa Yoeli kwa sababu ni Myahudi, akafikiri nyota ni yake. Ameniambia mwenyewe, akiwa mezani anakula." Kisha nikamgeukia. "Mjomba, yule mama wa mayai alivuta pazia, na wewe unamjua kwa hilo tu. Mimi sitaki Yoeli anijue hivyo."

Mjomba akacheka, akasema, "Mtoto wa dada yangu amechoka, msimlaumu, kazi imemzidi." Hapo mwenye jogoo akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli nyota ni ya Mama Sayuni, hata yeye anaijua. Kumbe ilitosha. Ile hoja ya kuzuia mzigo haikuguswa tena.

Nilimwendea Mama Sayuni nimshike mkono. Akanitazama, machozi bado mashavuni, akaniuliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa, "Tumpe, huyu Myahudi amekupa nini?"

Nimelifikiria swali lile tangu Jumapili. Kama nyaraka na picha zote za dunia zingeletwa pale mezani, angeuliza hilohilo. Jioni yake lilikuwa limeshaenea kwenye simu za watu: Myahudi kamnunua mpwa wa mwenyekiti. Kumtetea kwangu kumekuwa ushahidi mpya dhidi yake. Hilo ndilo lililonichosha, Mama. Kutembea hakunichoshi hivi.

Yoeli alinisubiri kwenye ngazi. Alinishukuru, lakini hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. "Kila mahali nikifika lazima nianze kujieleza," akasema. "Naeleza, naeleza. Halafu wakishaelewa, ndipo shida inaanza." Makundi ya Waswahili yameshaanza kumkwepa, sasa anapakia na Wakongo. Amewaambia ni Msabato.

Niliposikia hivyo niliona uchungu kuliko siku ya kikao. Babu zake waliishika dini ile chini ya bunduki, leo anaificha kwa ajili ya nafasi kwenye kontena, na waliomfikisha hapo ni sisi tunaoimba habari za Yerusalemu.

Nyumbani hali ni hii. Mjomba hajanifukuza. Mkewe ananiwekea chakula pembeni, nile peke yangu. Mjomba akipita ananiambia "samahani" kama tuko kwenye basi. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa sijui hata kuagiza maji, na kibali changu cha kukaa hapa kiko mikononi mwake. Nampenda, na ninamwonea huruma, maana wateja wawili wameshaondoka na anajua sababu. Amesema nina njia moja. Jumapili hii nisimame mbele ya ibada niseme kwamba nilisema uongo kwa sababu ya uchovu. Nikifanya hivyo tutaendelea kama zamani. Nisipofanya, nirudi Tukuyu mwezi ujao.

Sijui nitafanya kazi gani nikirudi, na ninajua paa la jikoni linasubiri hela yangu. Nimeyafikiria hayo yote, sitaki udhani nimejiamulia kama mtoto mkaidi.

Nisalimie Bibi, mwambie shali yake ya sufu nimeshainunua, ataipata hata kama nitaileta mimi mwenyewe. Msalimie kaka yangu Gwamaka na shemeji. Msalimie shangazi Atuganile anayeuza chai stendi, na mzee wa kanisa jirani yetu anayekuchimbia viazi. Usiwaambie kitu kwa sasa, waambie tu naendelea.

Limebaki moja. Mjomba atakupigia, na hatakuomba chochote kwa ajili yake. Atakuomba unipigie mimi, uniambie, kama mama yangu, nimsikilize ndugu yako. Nakuomba usinipigie mpaka Jumapili ipite. Watu wa kundi nawaweza, na Mjomba nimeshamtazama usoni. Lakini sauti yako siiwezi, Mama. Nikisikia unaniomba wewe, nitasimama mbele yao na nitasema nilidanganya.

Mwanao akupendaye,

Tumpe